Kadenge Bila Mpira: Je, Mchezaji Bora Huwa Kocha Bora?

Kila timu ya taifa inapobadilisha kocha, swali lilelile huzuka: je, aliyecheza vizuri ndiye atakayefundisha vizuri? Wazee wetu hujibu upesi kwamba mtu hawezi kukuonyesha njia ambayo yeye mwenyewe hakuipita. Vijana nao humtaja José Mourinho, ambaye hakung'ara alipokuwa mchezaji lakini mwaka 2004 aliiongoza Porto kutwaa ubingwa wa Ulaya. Katika makala hii tunalitazama swali hili kwa jicho la historia. Tutachukua mifano ya Kenya na Tanzania, kisha tutarudi huku Australia tunakoishi.

Kwanza tuangalie maneno tunayotumia. Kwa desturi ya Uingereza, meneja ndiye anayepanga kikosi na kufundisha, na mara nyingi ana sauti katika usajili pia. Kwetu Afrika Mashariki, meneja wa timu ni mtu mwingine kabisa: anashughulikia safari, hoteli, jezi na vibali vya wachezaji. Anayepanga kikosi ni kocha, na Tanzania kocha huitwa pia mwalimu. Mchezaji akihojiwa baada ya mechi husema, "Tulifuata maelekezo ya mwalimu." Tunaona kwamba neno hili limebeba nusu ya jibu letu. Kucheza ni kazi moja na kufundisha ni kazi nyingine, na kila moja ina mafunzo yake.

Mfano wetu wa kwanza ni Joe Kadenge. Katika miaka ya 1960 hakukuwa na mchezaji wa Kenya aliyependwa kama yeye. Alikuwa nyota wa Abaluhya, klabu ambayo leo ni AFC Leopards, na wa timu ya taifa. Watangazaji wa redio walilirudia jina lake hadi maneno "Kadenge na mpira" yakaingia katika mazungumzo ya kila siku, na hata Wakenya ambao hawakuwahi kumwona akicheza wanayajua. Mwaka 2002 Kadenge alikabidhiwa timu ya taifa, Harambee Stars. Hakudumu. Mtu aliyeirudisha Kenya kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya kukosekana tangu 1992, alikuwa Jacob Mulee, maarufu kama Ghost.

Mulee alikuwa golikipa, lakini umaarufu wake haukutokana na kudaka mipira. Wakenya wanamjua kwa ukocha, na baadaye kwa sauti yake redioni kila asubuhi. Kabla ya kupewa Harambee Stars alikuwa ameshafundisha Tusker, na huko ndiko alikojifunza kazi. Katika fainali za Tunisia mwaka 2004, Kenya ilifungwa na Mali 3-1 na Senegal 3-0, kisha ikaifunga Burkina Faso 3-0. Huo ndio uliokuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika historia ya fainali hizo.

Je, tuseme basi kwamba Mulee alikuwa hodari na Kadenge hakuwa? Hatudhani hivyo. Kadenge na mpira miguuni aliweza kuamua mambo peke yake. Kadenge bila mpira, amesimama kando ya uwanja, alihitaji wachezaji wengine watende alichokiona yeye. Hilo linahitaji maneno, mazoezi, subira na muda. Nchi ilimpa heshima ya jina lake, lakini haikumpa muda.

Tanzania inatupa mfano wa pili. Taifa Stars ilifuzu fainali za Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza mwaka 1979, baada ya sare ya 1-1 na Zambia mjini Ndola ambapo Peter Tino alifunga bao linalotajwa hadi leo. Kocha aliyewafikisha huko alikuwa Mtanzania, Joel Bendera. Ukiuliza nyota wa kikosi kile utatajiwa Tino, nahodha Leodegar Tenga, Juma Mkambi na wengine. Bendera anakumbukwa kama mwalimu na baadaye kama mwanasiasa: alikuwa naibu waziri, kisha mkuu wa mkoa. Tenga naye hakuingia kwenye ukocha. Akili yake aliipeleka kwenye uongozi, akawa rais wa TFF kuanzia 2004 hadi 2013. Hivyo hata mchezaji mkubwa mwenye kipaji cha uongozi si lazima kipaji hicho kimpeleke kwenye benchi.

Baada ya fainali za 1980 nchini Nigeria, Tanzania ilisubiri miaka 39. Aliyemaliza ukame huo, tofauti na Bendera, alikuwa nyota wa kweli. Emmanuel Amunike aliifungia Nigeria mabao mawili katika fainali ya Kombe la Mataifa ya 1994, akawa Mchezaji Bora wa Afrika mwaka huo, akafunga bao la ushindi katika fainali ya Olimpiki ya 1996 dhidi ya Argentina, kisha akachezea Barcelona. Tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars yake iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, huku Lesotho ikishindwa kuifunga Cape Verde, na Tanzania ikafuzu.

Wazee wetu wanaweza kusema hapo, "Si tuliwaambia?" Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, Amunike hakutoka moja kwa moja uwanjani kuja Dar es Salaam. Alikuwa amefundisha vijana wa Nigeria wa chini ya miaka 17, kwanza kama msaidizi mwaka 2013, kisha kama kocha mkuu mwaka 2015, na mara zote mbili Nigeria ikatwaa Kombe la Dunia la umri huo. La pili, fainali za Misri zilikwenda vibaya: 2-0 kwa Senegal, 3-2 kwa Kenya na 3-0 kwa Algeria. Mechi ya Kenya ndiyo iliyouma zaidi, kwa kuwa Tanzania iliongoza mara mbili. Mwezi uliofuata Amunike aliondolewa. Jina lake kubwa halikumnunulia hata msimu mmoja zaidi.

Miaka mitano baadaye mambo yaligeuka. Januari 2024, katika fainali za Ivory Coast, Tanzania ilifungwa 3-0 na Moroko katika mechi ya kwanza, na kocha Adel Amrouche akafungiwa kwa maneno aliyoyasema kuhusu Moroko. Timu ikakabidhiwa Hemed Suleiman, Mzanzibari anayejulikana zaidi kama Hemed Morocco. Yeye hakuwahi kuwa nyota wa Afrika. Sifa yake ilikuwa ya benchi: mwaka 2017 aliipeleka Zanzibar Heroes hadi fainali ya Chalenji, ikafungwa na Kenya kwa penalti. Akiwa na Taifa Stars alitoka sare na Zambia na Kongo, na Novemba 2024 akaifunga Guinea 1-0 na kufuzu fainali za 2025.

Agosti 2025 historia ikatupangia kipimo kizuri. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja michuano ya CHAN. Kocha wa Tanzania alikuwa Hemed Morocco. Wa Kenya alikuwa Benni McCarthy, aliyeifungia Afrika Kusini mabao 31, rekodi ya nchi hiyo, na aliyekuwa mshambuliaji wa ile Porto ya Mourinho. Timu zote mbili ziliongoza makundi yao. Zote mbili zikatolewa katika robo fainali siku moja, tarehe 22 Agosti: Kenya na Madagascar kwa penalti, Tanzania na Moroko kwa bao moja. Nyota na asiye nyota walifika mahali pamoja. Tena McCarthy naye alikuwa ameshapita darasani: alifundisha Cape Town City na AmaZulu, na akawanoa washambuliaji wa Manchester United.

Huku kwetu nako kuna ushahidi. Tukisema tunatoka Liverpool, watu hufikiria klabu ya Uingereza, lakini magharibi ya Sydney ina historia yake ya mpira. Mwaka 2012 ilianzishwa klabu ya Western Sydney Wanderers, na kocha wake wa kwanza alikuwa Tony Popovic, kijana wa upande huu wa jiji aliyeichezea Australia mechi 58. Mwaka 2014, klabu ikiwa na umri wa miaka miwili tu, ilitwaa ubingwa wa Asia kwa kuifunga Al Hilal. Popovic alikuwa mchezaji mkubwa, ndiyo, lakini kabla ya hapo alikubali kuwa msaidizi Sydney FC na Crystal Palace.

Mfano wa mwisho unatugusa sisi wanafunzi wa lugha zaidi ya yote. Kati ya 1989 na 1992, klabu ya South Melbourne ilifundishwa na Ferenc Puskás wa Hungary, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa duniani. Kiingereza chake kilikuwa haba, lakini alijua Kigiriki kwa sababu aliwahi kufundisha Ugiriki. Aliyemtafsiria alikuwa beki kijana aliyeletwa kutoka Athens akiwa na miaka mitano na kukulia katika nyumba ya Kigiriki: Ange Postecoglou. Pamoja walitwaa ubingwa wa Australia mwaka 1991. Beki huyo aliichezea Australia mechi nne tu, na jeraha likamstaafisha mapema. Lakini kama kocha aliipa Australia Kombe la Asia la 2015, na mwaka 2025 aliipa Tottenham kombe la Europa League. Alikuwa ameanza kwa kuyabeba maneno ya mwalimu hadi kwa wachezaji, kwa lugha ya nyumbani kwao.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: ubora wa kucheza humfungulia mtu mlango wa kazi, na siku za kwanza wachezaji humsikiliza kwa sababu ya jina lake. Baada ya hapo kinachomweka kazini ni kujua kufundisha. Amunike, McCarthy na Popovic walijifunza hilo kwa vijana, kwa klabu ndogo au kwa kuwa wasaidizi. Mulee na Hemed Morocco walijifunza bila kuwa na jina kubwa. Kadenge alipewa kazi kubwa kwa jina lake.

Hili si jambo la ubishi wa kijiweni tu. Vyama vya mpira vya Afrika Mashariki vinaendelea kutafuta majina makubwa kutoka nje, huku wachezaji wetu waliostaafu wakikaa nyumbani na ujuzi wao. Tungependa wapewe kozi za ukocha, timu za vijana na miaka ya kukosea. Kocha wa taifa anapotafutwa, swali la kwanza liwe: amemfundisha nani, na wanafunzi wake walifika wapi?