Moshi Haupigi Hodi

Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto. Ni kweli, lakini waulize watu wa zimamoto, watakupa na nusu ya pili ambayo methali haikuisema. Moto unaweza kukaa chumba kimoja kwa dakika kadhaa ukila meza na mapazia, lakini moshi haukai. Unatoka chini ya mlango, unaingia ukumbini, unapanda ngazi kabla yako na kukungoja juu. Wengi wanaokufa nyumba inapoungua hawaguswi kwanza na ndimi za moto. Wanavuta hewa ya sumu, hasa ile gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, ileile inayowamaliza watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Ndiyo maana leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda hujawahi kukitupia jicho: dirisha la kutolea moshi. Na hasa ugomvi wake na majumba ya kale, yale ambayo sheria inakataza kuyagusa bila kibali. Usiseme haya ni mambo ya mafundi, sisi washairi yanatuhusu nini. Historia ya dirisha hili imelipiwa kwa roho za watu, na wengi wao walikuwa wamekata tiketi kwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Yaani watu wetu hasa.

Hebu turudi nyuma. Huko Glastonbury, Uingereza, kuna jiko la mawe lililojengwa katika karne ya 14 kwa ajili ya mkuu wa watawa. Lina pande nane, mekoni mwake kwenye pembe, na paa lake linapanda hadi kwenye kijumba kidogo chenye matundu kileleni. Kijumba kile ndicho kilichotoa moshi. Waashi wa zamani walijua kwamba kitu cha moto hupanda, na ukikinyima njia juu kitarudi kukutafuta chini. Hawakuhitaji chuo kikuu kulijua hilo. Jiko bado limesimama, na watalii wanalipiga picha. Liweke akilini, tutalihitaji mbele.

Sasa twende kwenye majumba ya maonyesho. Karne ya 19 ilikuwa karne ya majumba makubwa ya tamthilia: taa za gesi, mandhari ya vitambaa vilivyopakwa rangi, mbao na kamba juu ya jukwaa. Kwa maneno mengine, kuni zilizopangwa vizuri. Usiku wa tarehe 8 Desemba 1881, katika jumba la Ringtheater mjini Vienna, watu walikuwa wameketi wakingoja opera ya Offenbach ianze. Moto ukaanzia kwenye taa za gesi jukwaani. Gesi ikafungwa, giza likaingia, na milango ilikuwa inafunguka kwa ndani, kwa hiyo kadiri watu walivyosukumana ndivyo ilivyozidi kukaza. Hesabu ya serikali ilitaja watu 384 waliokufa.

Ungedhani dunia ilijifunza. Sikiliza basi habari ya Chicago.

Mwezi Novemba mwaka 1903 lilifunguliwa huko jumba jipya, Iroquois Theatre, zuri ajabu, marumaru na dhahabu. Matangazo yake yalijisifu kwamba haliwezi kuungua kamwe. Wiki tano tu baadaye, mchana wa tarehe 30 Desemba, likajaa pomoni kupita idadi ya viti vyake. Ilikuwa likizo, kwa hiyo wengi walikuwa akina mama na watoto. Cheche kutoka taa kali ya jukwaani ikashika pazia. Mchekeshaji Eddie Foy akasimama mbele akiwasihi watu wasikimbie ovyo. Lile pazia la asbesto lililotakiwa kutenganisha jukwaa na watazamaji likashuka kidogo, likanasa.

Na juu ya jukwaa je? Juu ya jukwaa yalikuwepo madirisha ya moshi. Yalichorwa kwenye ramani, yakajengwa paani. Lakini siku ile yalikuwa yamefungwa kabisa, hayafunguki, kwa sababu kazi haikuwa imekamilika na mwenye mali hakutaka kungoja. Waigizaji walipofungua mlango wa nyuma wakimbie, hewa baridi ikaingia kwa kishindo. Moshi na gesi zilizokuwa zimekusanyika jukwaani zikawaka, zikatafuta pa kutokea. Juu palizibwa. Njia iliyobaki ilikuwa moja: chini ya pazia lililonasa, kupitia vichwani mwa watazamaji, kuelekea matundu ya hewa nyuma ya roshani za juu. Waliokuwa roshani ndio walioteketea zaidi. Jumla walikufa watu 602, zaidi ya waliokufa katika ule moto mkuu wa 1871 ulioteketeza sehemu kubwa ya jiji hilohilo. Jumba lenyewe, kumbe, halikuungua sana. Lilitengenezwa likafunguliwa tena kwa jina jingine. Hakuna aliyefungwa jela kwa vifo vile.

Ukiisoma habari hii polepole utaona kitu. Moshi ulipata tundu. Kila mara unapata. Kilichokosekana ni mtu wa kuuchagulia tundu lipi.

Baada ya hapo wahandisi waliacha kubahatisha. Mwaka 1905 wenzao wa Austria walijenga mjini Vienna jumba dogo la mfano na kulichoma makusudi, mara madirisha ya juu ya jukwaa yakiwa yamefungwa, mara yakiwa wazi. Yakiwa wazi, moshi ulivutwa juu ya jukwaa badala ya kumwagikia ukumbini. Mhandisi Mmarekani John R. Freeman akakusanya mafunzo ya namna hiyo, na mwaka 1906 akachapisha maandishi marefu kuhusu kulinda maisha ya watu katika majumba ya maonyesho. Taratibu wazo likatoka jukwaani, likaingia kwenye ngazi za nyumba za kawaida. Maana ngazi nayo, ukiitazama vizuri, ni dohani ambayo watu wanapita ndani yake.

Siku hizi dirisha la moshi hukaa juu kabisa ya ngazi. Kitambuzi kikinusa moshi, mota ndogo inalisukuma dirisha lifunguke, na kuna betri pembeni kwa sababu umeme ndio wa kwanza kukimbia. Kwa vipimo vya Ulaya, dirisha la aina hii hujaribiwa katika joto la nyuzi 300, na linatakiwa liwe limefunguka kikamilifu ndani ya sekunde 60. Kanuni ya mfano ya ujenzi ya Ujerumani inataka ngazi ya ndani isiyo na madirisha iwe na tundu la angalau mita moja ya mraba kileleni, linaloweza kufunguliwa na mtu aliye chini na aliye juu pia. Na lazima hewa safi iingie chini, la sivyo moshi hauna kinachousukuma. Dirisha hili halizimi moto, tuelewane. Linanunua dakika chache ngazi ibaki inaonekana, watu washuke na zimamoto wapande. Kwa mtu aliyeko ghorofa ya nne akiwa na mtoto mgongoni, dakika hizo si mchezo.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mita moja ya mraba unaitoboa wapi, katika paa lenye miaka 300?

Nyumba za urithi zina sheria zake. Sisi wenyewe tunazo: Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na mwenye nyumba huko hajiamulii tu kubomoa ukuta. Uingereza, sheria ya mwaka 1990 inafanya kuwa kosa la jinai kubadilisha tabia ya jengo lililoorodheshwa bila kibali. Na wahifadhi hawana wazimu. Wameona mengi. Wameona dirisha la mbao lililochongwa kwa mkono, kioo chake kina mawimbi kama maji, likitupwa jalalani na mahali pake kutiwa fremu ya plastiki nyeupe. Kioo kile ni nadra kutengenezwa tena kwa namna ile. Kikishavunjwa, basi. Kwa hiyo fundi akija na mota, nyaya na tundu la mita moja, mhifadhi anashika kichwa.

Lakini hoja ya "tusiiguse nyumba" ina kasoro yake, na Glasgow inaionyesha kuliko mahali popote. Shule ya sanaa ya mji huo, iliyobuniwa na Charles Rennie Mackintosh na kujengwa kati ya 1897 na 1909, ilikuwa miongoni mwa majengo yanayolindwa kwa daraja la juu kabisa Scotland. Tarehe 23 Mei 2014, wanafunzi wakiandaa maonyesho yao ya mwisho, gesi ya kopo la povu la ujenzi ilishika moto karibu na projekta huko chini. Ndani ya kuta kulikuwa na njia za zamani za kupitisha hewa, zilizojengwa tangu mwanzo ili jengo zima lipate joto. Moto na moshi vikazipanda njia hizo kama ngazi. Maktaba, ambayo watu walisafiri kutoka kila pembe ya dunia kuja kuiona, ikaisha. Mfumo wa kunyunyiza ukungu wa maji ulikuwa ukifungwa, haujaanza kazi. Watu wote walitoka salama, na zimamoto waliokoa sehemu kubwa ya jengo. Kisha, tarehe 15 Juni 2018, likiwa katika ukarabati, likaungua tena, na safari hii ndani hapakubaki kitu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 haukuweza kusema moto wa pili ulianzaje.

Unaona? Jengo la kale tayari limejaa matundu. Kuna dohani zilizozibwa kwa karatasi ya ukutani, mianya chini ya sakafu, uwazi wa paa unaotembea toka mwisho mmoja wa jengo hadi mwingine. Anayekataa tundu moja linaloongozwa anabaki na matundu mia yasiyoongozwa na mtu. Paris nako, paa la mbao la Notre-Dame lilikuwa msitu mmoja mkubwa usio na kuta za kuzuia moto, na tarehe 15 Aprili 2019 dunia nzima ilitazama likianguka. Lilipojengwa upya na kanisa kufunguliwa Desemba 2024, mbao zilirudi zilezile za mwaloni, zimechongwa kwa shoka kama zamani, lakini safari hii zimegawanywa kwa vizuizi vya moto na kuwekewa mabomba ya ukungu wa maji. Hakuna aliyelia kwamba kanisa limeharibiwa.

Kazi hii inawezekana, na wanaoijua wanaifanya kimyakimya. Kwanza hutafuta tundu lililokwisha kuwepo: kijumba cha mwanga juu ya ngazi, dirisha la darini, mlango wa kutokea paani. Likipatikana, hulitia bawaba na mota badala ya kulibadilisha. Likikosekana, hukata upande wa paa usioonekana kutoka barabarani, wakaweka dirisha jembamba linalolala sawa na vigae. Nyaya hupitishwa kwenye mianya ya zamani, na mwanya huzibwa tena moto usije ukaufuata. Skurubu huwekwa mahali ambapo kesho zinaweza kung'olewa bila kuacha jeraha. Ugumu haukosekani: dirisha la mbao la kale halijapimwa maabara pamoja na mota yake mpya, kwa hiyo mwenye nyumba, mhifadhi na zimamoto hulazimika kukaa meza moja na kubishana fremu kwa fremu. Ubishi huo ni mzuri. Chicago haukuwepo, ilikuwepo haraka ya kuuza tiketi.

Na anayesema kwamba tundu la moshi ni ugeni katika nyumba ya kale, mrudishe Glastonbury. Mwashi wa karne ya 14 angeliona dirisha letu lenye mota angecheka kidogo, kisha angelitambua.

Kwetu sisi wa kalamu kuna la kuokota hapa. Tunapenda kuandika juu ya majumba ya kale: milango ya nakshi, vivuli vya barazani, mabibi waliochungulia dirishani. Tunaandika kana kwamba nyumba hizo ni picha. Zina watu, bwana. Kuna mwanafunzi amepanga chumba cha juu, kuna mama anakaanga maandazi alfajiri, kuna mzee asiyeweza kushuka ngazi mbio. Siku ukiingia jumba la zamani, la kwetu au la ughaibuni, la kulala wageni au la maonyesho, kabla hujaanza kusifia nakshi panda ngazi mpaka mwisho. Tazama juu. Kama kuna dirisha, uliza linafunguliwa na nani, na kwa kutumia nini. Kama wameligongomea misumari, shuka ukamwambie mwenye nyumba leoleo, ndipo ukae uandike shairi lako.