Tablatire: kuandika gitare kwa namba, na kuituma bila kuiharibu

Tablatire ni maandiko ya muziki kwa vyombo vya kamba. Haionyeshi jina la noti, inaonyesha mahali pa kuweka kidole. Gitare iko na kamba sita, basi tablatire iko na mistari sita. Juu ya kila mstari unaandika namba ya kaze, ni kusema ile nafasi katikati ya vyuma viwili kwenye shingo ya gitare. Zero ni kamba wazi, yenye kidole hakikugusa. Moja ni kaze ya kwanza karibu na kichwa, mbili ni inayofuata, na kuendelea. Mtu mwenye hajasoma solfeji hata siku moja anaweza kuanza kuisoma leo.

Kitu kimoja kinachanganya wenye kuanza: mstari wa juu ni kamba nyembamba, si ile nene. Laza gitare yako juu ya magoti, kamba zikiangalia mbingu, na utaelewa. Nene iko karibu na tumbo lako, ni mstari wa chini. Nyembamba iko mbali, ni mstari wa juu.

Tena si uvumbuzi wa intaneti. Vitabu vya tablatire kwa ajili ya luti, ndugu ya zamani ya gitare, vilichapwa Venezia mwaka 1507 na Paris mwaka 1529. Chenye ni kipya ni kwamba sasa ordinatere, hata telefone, inaweza kuandika namba hizo, kuzipiga kwa sauti, na kuzipeleka Kalemie ao Bruxelles kwa sekunde chache.

Wenye waliandika gitare yetu

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mwenye alikuwa anazunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, leo Likasi. Wimbo « Masanga » ulitoka pale, gitare moja tu, na watu wa mbali walibaki wanauliza ni vidole vingapi vinapiga vile. Jibu: viwili. Kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinatembeza sauti ya juu. Ni namna ileile wapigaji wengi wa Katanga walipiga wakati ule.

Mwenye aliketi chini kuandika « Masanga » noti kwa noti alikuwa David Rycroft, katika gazeti la utafiti African Music, 1961 na 1962. Kisha mpiga gitare Mwingereza John Low alikuja mwenyewe Shaba kujifunza kwa wazee, na mwaka 1982 kitabu chake Shaba Diary kilitoka. Kazi nzuri, tunawashukuru. Lakini angalia: ni magazeti na vitabu vyenye kijana wa Kenya, pale Lubumbashi, hawezi kukuta kirahisi. Mwenda alikufa mwaka 1990 katika aksida ya gari kule Zambia. Edouard Masengo na Losta Abelo nao hawako tena. Chenye kilikuwa ndani ya vidole vyao tunakisikia paka katika rekodi, na rekodi haikuambie kila mara kama ile noti ilitoka kwa kamba ya pili kaze ya tano ao kwa kamba ya kwanza wazi. Sauti ni moja, lakini mkono si mmoja.

Ni pale tablatire inashinda hata solfeji: inahifadhi mkono. Na kwa mzee mwenye bado anapiga leo katika kwartie yako, hauna haja ya kungoja profesa kutoka Ulaya.

Programu gani?

TuxGuitar ni ya bure, ni nyepesi, inaenda hata katika ordinatere ya zamani, na iko na toleo la telefone za Android. Kwa mtu mwenye kuanza, mimi nashauri hiyo. Guitar Pro, yenye ilitoka Ufaransa mwaka 1997, njo inajulikana zaidi, sauti yake ni nzuri, lakini ni ya kulipa. Kopi za wizi zenye zinapita kwa flashi zinakuja mara mingi na virusi, usiseme haukuambiwa. MuseScore nayo ni ya bure, inaandika solfeji na tablatire pamoja, na karatasi yenye inatoka ni safi sana. Inafaa kwa korali yenye iko na mpiga gitare mmoja katikati ya waimbaji. Ila ya kuandikia inataka ordinatere: ile ya telefone ni ya kusoma na kusikiliza.

Zote tatu, ukisha kuzipakua mara moja, zinatumika bila intaneti. Unaweza kwenda siber siku moja, kuweka katika flashi, na kurudi nyumbani.

Mbele ya kugusa namba

Fungua programu na utaona imeandika E A D G B E. Sisi tunasema Mi La Re Sol Si Mi. Ni vilevile: E ni Mi, A ni La, D ni Re, G ni Sol, B ni Si, na C ni Do. Andika karatasi kidogo, ubandike kando ya ekra.

Kisha uliza gitare imefungwa namna gani. Hii ni kosa yangu mwenyewe ya kwanza, na ilinikula siku mbili. Niliandika kurasa tatu za mzee mmoja, nikabonyeza kupiga, ikatoka makelele. Gitare yake ilikuwa imeshushwa karibu toni nzima, tena alikuwa amefunga kalamu ya risasi na elastiki kwenye kaze ya pili kama kapodastre. Mimi sikuuliza kitu. Sasa, kila mara, ninaanza na: « Baba, nipigie kamba moja moja, wazi, pole pole. » Ninarekodi hizo kamba sita peke yake. Katika programu, ingia katika sifa za piste, na hapo unaweza kubadili kila kamba moja moja, na kuandika kapodastre iko kaze gani.

Kwa miziki ya okestre, habari hii ni nzito zaidi juu ya mi-composé. Ile gitare ya katikati, yenye inajaza nafasi kati ya solo na akompanyema, mara mingi inapigwa na kamba ya nne iliyobadilishwa: unatoa Re nene, unaweka kamba nyembamba yenye inatoa Re ya juu, oktave moja zaidi. Ukiandika mi-composé juu ya gitare ya kawaida, namba zitakuwa sawa lakini sauti itashuka na kuingia katika besi, na seben yote itakuwa matope. Katika programu zenye zinaonyesha kamba kwa namba za midi, Re ya kawaida ni 50, weka 62. Ni kitu cha sekunde tano, na hakuna mtu anakwambia.

Kuandika yenyewe

Rekodi mkono kwa video, telefone ikiwa karibu na shingo, na mkono wa kuume uonekane pia. Omba mzee apige vile anapigaka, kisha pole pole. Wazee wengi hawawezi kupiga pole pole, mkono unakataa. Basi usimsumbue, video utaipunguza mwendo wewe mwenyewe.

Anza na besi. TuxGuitar na Guitar Pro ziko na sauti mbili ndani ya piste moja: weka kidole gumba katika sauti ya pili, shahada katika ya kwanza. Ukivichanganya, urefu wa noti utaharibika, besi itakatika kila mara shahada inapiga. Huu hapa ni mfano wa zoezi tu, akordi ya Do, noti nane:

mi |------0---------|
si |--1-------1-----|
sol|--------------0-|
re |----2-------2---|
la |3-------3-------|
MI |----------------|

Noti za kamba ya la na re ni za gumba. Zile ingine ni za shahada. Gumba, shahada, gumba, shahada, bila kusimama.

Sasa, tatizo la kweli. Ukibonyeza kupiga, programu inapiga sawa saa ya ukutani. Kila noti na nguvu ileile, kila nafasi na kipimo kilekile. Mpigaji wa Likasi hapigi vile: anachelewa kidogo hapa, anasukuma pale, na hiyo njo utamu. Namba haziwezi kuandika hiyo. Kwa sababu hiyo tablatire bila rekodi ni nusu ya kazi. Tuma zote mbili pamoja, siku zote.

Tena mzee hatarudilia wimbo namna ileile mara mbili. Vijana wengi wanafikiri amekosea, wanamuuliza: « Baba, ya kweli ni ipi? » Hakuna ya kweli. Rycroft aliliona jambo hilo katika « Masanga » na hakuandika toleo moja tu. Wewe pia, andika kila mzunguko wenye uko tofauti, uupe jina: wa kwanza, wa pili, wa mwisho. Ukichagua mmoja na kutupa mingine, miaka ishirini mbele watu watasema wimbo ulikuwa vile, na mwenye atapiga namna ingine wataambia amekosea.

Gitare za kutengeneza kwa bidoni, zenye kamba tatu ao ine, zinaandikika: unapunguza tu hesabu ya kamba katika piste. Lulanga ya Bashi ni shida. Haina shingo wala kaze, kila kamba inapigwa wazi, na programu itakupa mistari imejaa zero. Kwa hiyo bado karatasi na kalamu zinafaa zaidi.

Kutuma

Faili ya tablatire ni ndogo ya kushangaza. Wimbo mzima na piste tano hauzidi mara mingi kilobaiti mia moja, kumbe video ya dakika tatu inaweza kumeza forfe yako ya siku. Lakini chagua aina ya faili. Ile ya .tg inafunguka katika TuxGuitar tu. Ile ya .gp5 inafunguka katika zote tatu, ni hiyo nashauri. Kati ya MuseScore na programu ingine ya solfeji, tumia MusicXML. Na kwa rafiki mwenye hana programu hata moja, toa PDF, ataisoma katika telefone ao ataichapa.

Ukiandika tablatire ya mistari ndani ya WhatsApp kama mfano wa juu, namba zitatembea kutoka mahali pake, juu herufi za pale hazina upana mmoja. Weka alama ya ` mara tatu mwanzoni na mara tatu mwishoni, mistari itasimama sawa. Ao piga picha, basi.

Jina la mwenye wimbo

Kila programu iko na mahali pa kuandika jina la wimbo, mwenye kuutunga, na mwenye kuandika tablatire. Faili nyingi zenye zinazunguka ni tupu pale. Ama mbaya zaidi: jina la kijana mwenye aliandika namba limekaa mahali pa mtunzi. Jaza zote. Mtunzi, mpigaji mwenye ulimsikia, mahali, tarehe, gitare ilifungwa namna gani, nani aliandika.

Si adabu tu. Katika Kongo, haki za watunzi zinalindwa na Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 aprili 1986, na ulinzi unaendelea miaka 50 kisha kifo cha mtunzi. Ukihesabu, nyimbo za Mwenda bado ni za familia yake hadi 2040. Kujifunza nyumbani na kumuonyesha ndugu yako ni kitu kimoja. Kuuza kitabu cha tablatire zake ni kingine, na hapo unapashwa kuzungumza na familia na SOCODA, shirika lenye linakusanya haki za watunzi. Marekani kulikuwa na maktaba kubwa ya tablatire iliyoitwa OLGA, ilianza mwaka 1992 na vijana wa chuo kikuu; mwaka 2006 ilifungwa kisha barua za wachapishaji wa muziki. Walikuwa wanatoa bure, na hiyo haikuwasaidia.

Kwa mzee mwenye yuko hai ni rahisi zaidi. Muulize. Mwambie faili itaenda wapi na nani ataiona. Kama anasema wimbo mmoja ni wa kilio cha familia na hautoki nje, usiuandike, ao uandike na umuachie yeye flashi. Na siku utamaliza, rudi kwake na gitare, upige mbele yake kutoka karatasi yako. Yeye hatasoma namba zako, lakini akisikia kidole kimoja kiko mahali pabaya atakushika mkono na kukihamisha. Sahihisha palepale, mbele ya kwenda nyumbani.