MAJINA YA KALE YA WANAWAKE WA PWANI

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Walijua kwamba mtu akishafariki, na nyumba yake ikabomoka, jina lake husalia vinywani mwa watu. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuitafuta historia ya lugha hii katika tenzi, katika habari za wafalme na katika vitabu vya wasafiri. Humo twakutana zaidi na wanaume. Wanawake wengi wa kale hawakuacha maandishi yoyote. Walichotuachia ni majina. Katika makala haya tunakusudia kuyachungua baadhi ya majina hayo, hasa yale ambayo leo husikika kwa mabibi kuliko kwa wajukuu wao, na kuonyesha kwamba nayo ni ushahidi wa historia.

Tuanze na neno mwana. Wanafunzi wetu walio mbali na pwani hulifahamu kwa maana ya mtoto tu. Lakini katika Kiswahili cha kale, na hasa cha Lamu na Pate, Mwana lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke mwungwana, kama vile Bwana lilivyokuwa kwa mwanamume. Mapokeo ya Mombasa humtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa mji huo kabla ya Shehe Mvita. Katika karne ya 18 Pate ilitawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija. Na mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mashuhuri kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Kwa hiyo mwalimu anapokutana na majina kama Mwanaisha, Mwanahawa au Mwanamkuu, asikimbilie kuyafasiri kuwa ni mtoto wa Aisha au mtoto wa Hawa. Ni Bibi Aisha na Bibi Hawa. Cheo kimeshikamana na jina hata sikio la leo halikitambui tena.

Kundi la pili ni la majina ya wakati. Mwanakhamisi alizaliwa Alhamisi, Mwanajuma Ijumaa, na Mwanaidi siku ya Idi. Hapa mwana laweza kusomeka kwa maana zote mbili. Arafa ni wa siku ya tisa ya Mfunguo Tatu, na Ashura ni wa siku ya kumi ya Mfunguo Nne. Chausiku alizaliwa usiku. Jina Mwaka nalo latukumbusha sherehe za mwaka mpya wa Waswahili, ambazo mpaka leo huadhimishwa Makunduchi, Unguja. Aidha, wazazi waliwahesabu watoto wao: Mosi, Pili, Tatu. Katika hesabu ya kila siku mosi limeshindwa na moja, lakini limesalia katika Jumamosi, katika tarehe, na katika jina la mtoto wa kwanza. Mwalimu anayetaka kufundisha kalenda ya Waswahili aweza kuanzia kwenye majina haya, na somo likaeleweka upesi.

Kundi la tatu ni la majina yaliyo sentensi nzima au kilio cha moyo. Sikujua na Sikudhani ni vitenzi vya kukanusha wakati uliopita, vyenye nafsi ya kwanza: anayesema ni mzazi, si mtoto. Siwatu ni jibu kwa jamaa au majirani waliotenda ubaya. Vumilia ni amri, na Subira ni nasaha. Tabu, Shida na Mashaka hueleza hali ya nyumba wakati wa uzazi. Tusiyacheke majina haya. Zama hizo watoto wengi walifariki wachanga, na mama aliyekwisha kuzika wawili au watatu aliweza kumpa anayefuata jina la unyonge, kwa tumaini kwamba mauti yangempita kama kitu kisicho na thamani.

Sasa twafika kwenye jina lililo zito kuliko yote, nalo ni Mtumwa. Kwa sarufi halina aibu: latokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa, nalo ni ndugu wa neno mtume. Tena, liliweza kuwa mojawapo ya majina ya unyonge tuliyoyataja, ambayo mzazi humpa mtoto ili kumkinga. Lakini katika nchi iliyokuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873, hakuna aliyeweza kulisikia bila kukumbuka utumwa wenyewe. Sheria ya mwaka 1897 iliwawezesha watumwa wa Unguja na Pemba kudai uhuru wao; masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Baada ya hapo wako walioyaacha majina waliyopewa na mabwana wao, wakajichagulia mengine. Kubadili jina kulikuwa sehemu ya kuupata uhuru.

Mfano ulio bora ni wa mwimbaji tunayemfahamu sote. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Alikuwa mfinyanzi, akitembea kwa miguu kwenda mjini kuuza vyungu. Sauti yake ilipomletea sifa, aliitwa Siti, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri, na hata baada ya kifo chake mwaka 1950 jina lililodumu ni Siti binti Saad. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ambayo visiwa vizima vilikuwa vikiifuata.

Ama kuhusu nchi zetu za bara, majina ya Kiswahili yalifika pamoja na lugha yenyewe, kwa njia ya misafara, dini na shule. Katika mashariki ya Kongo wanawake huitwa Furaha, Zawadi, Faida, Feza na Mapendo. Wanafunzi husahihishwa waseme fedha na mapenzi, ilhali majina yao yamehifadhi matamshi na maumbo ya Kiswahili cha kwao. Angalieni tena jina Faida. Bwana aliyemwita mtumwa wake hivyo alikuwa akihesabu mali yake. Mama wa Bukavu amwitapo binti yake hivyo, ahesabu furaha yake. Neno ni lile lile, bali aliyelitamka ni mwingine.

Hatusemi kwamba majina yote ya kale yarudishwe. Mwanakhamisi na Mwanahawa yafaa kurudi kwa fahari. Mtumwa halihitaji kupewa mtoto yeyote, wala halistahili kufutwa katika kumbukumbu, kwani anayelifuta humfuta na aliyelibeba. Tunawahimiza walimu wenzetu wawatume wanafunzi kwa bibi zao na majirani wazee, wayaandike majina pamoja na visa vyake: nani alilitoa, siku gani, kwa sababu gani. Kazi hiyo yahitaji daftari na adabu tu. Bibi akishazikwa, kisa cha jina lake hakipatikani katika kamusi yoyote.