Elimu ya Ufundi na Uhandisi: Njia Zilizo Wazi kwa Vijana wa Babati

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, familia nyingi katika parokia zetu za Babati hukabiliwa na swali lile lile: kijana aliyefaulu Fizikia na Hisabati kwa kiasi aende wapi? Wengi hudhani kwamba asiyechaguliwa Kidato cha Tano ameukosa uhandisi. Dhana hiyo si sahihi. Kuna njia ya pili, na ni vema ifahamike kabla ng'ombe au kiwanja hakijauzwa kwa ajili ya ada.

Ngazi tatu za taaluma

Fundi stadi hujifunza kazi ya mikono, hasa katika vyuo vya VETA. Fundi sanifu husoma stashahada, ambayo kwa anayetoka Kidato cha Nne huchukua kwa kawaida miaka mitatu. Mhandisi husoma shahada kwa miaka minne. Mwenye stashahada yenye ufaulu mzuri anaweza kuomba nafasi ya shahada bila kupitia Kidato cha Sita. Aidha, hufika huko akiwa tayari ameshika vifaa vya karakana.

Vyuo vya umma

Kwa mkazi wa Babati, kilicho karibu zaidi ni Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, ikapata hadhi yake ya sasa mwaka 1997. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nacho kilitokana na chuo cha ufundi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973.

Vyuo binafsi

Vyuo hivi, vikiwemo vya Kanisa, hupanua nafasi ambazo Serikali peke yake isingeweza kuzitosheleza. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kinachomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania tangu mwaka 1998, hufundisha pia uhandisi. Hata hivyo, jina la mtakatifu mlangoni halitoshi kuwa dhamana ya ubora, wala umiliki wa Serikali hautoshi. Kinachopimwa ni walimu, karakana na ithibati.

Mambo ya kuhakiki

Kwanza, usajili. Vyuo vya ufundi husimamiwa na NACTVET, na vyuo vikuu na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Haitoshi chuo kuwa kimesajiliwa. Kozi yenyewe nayo iwe imeidhinishwa. Mwaka 2016 TCU ilifuta vibali vya kampasi kadhaa za chuo kikuu binafsi, na wanafunzi wakalazimika kuhamishiwa vyuo vingine.

Pili, kutambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1997, shahada peke yake haimpi mtu haki ya kujiita mhandisi; ni lazima asajiliwe. Mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.

Tatu, gharama. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Mzazi asitangulie kukata tamaa, aulize kwanza.

Wito wetu

Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Imetufungulia soko, lakini barabara, visima na mifereji ya mpunga ya Magugu huhitaji watu wa kuvitunza. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya. Basi tusimwone binti au kijana anayechagua karakana kuwa ameshindwa masomo. Tunawasihi viongozi wa jumuiya ndogondogo wawasaidie wazazi kuhakiki chuo na kozi kabla ya kulipa hata shilingi moja. Huo nao ni upendo kwa jirani.