Ngorongoro: Nani Aliketi Kwenye Meza ya Maamuzi?

Mwezi Aprili mwaka 1958, wazee 12 wa Kimasai walikubali kwa maandishi kuhama Serengeti ya magharibi, ambako mifugo yao ilikuwa ikilishwa. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitaka Serengeti iwe hifadhi isiyo na watu. Badala yake Wamasai waliahidiwa nyanda za juu za Ngorongoro, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 8,000, ambako wangeishi pamoja na wanyamapori na kuchimbiwa visima vya maji.

Mpango huo ulipata nguvu ya sheria mwaka 1959. Mwaka huo huo Gavana Richard Turnbull alilieleza baraza la Wamasai kwamba, pindi maslahi ya wanyama na ya binadamu yatakapogongana, ya binadamu yatatangulia. Kauli hiyo imekuwa ikitajwa mno tangu wakati huo. Jambo jingine linatajwa kwa nadra, ingawa huenda lilikuwa na uzito zaidi: katika mamlaka ya kwanza ya Ngorongoro, Wamasai wenyewe walikuwa wajumbe, wakiketi pamoja na maofisa wa serikali.

Utaratibu huo haukudumu. Maofisa walitaka udhibiti wa malisho. Wafugaji walitaka maji waliyoahidiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mamlaka ilisukwa upya, na madaraka yakakusanywa mikononi mwa mhifadhi. Wadhifa huo alipewa Henry Fosbrooke, mtaalamu wa masuala ya jamii ambaye aliwafahamu vyema Wamasai na kuwatetea. Hata hivyo, kuanzia hapo wafugaji walikuwa wakisemewa. Hawakuwa tena wakijisemea.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 1975, miaka 14 baada ya uhuru. Sheria mpya iliunda Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro yenye bodi ambayo mwenyekiti wake huteuliwa na Rais na wajumbe wengine na waziri. Sheria hiyo hiyo ilipiga marufuku kilimo, wakati ambapo familia nyingi zilishaanza kutegemea mahindi, kwa kuwa maziwa pekee hayakutosha. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa.

Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela aliruhusu tena bustani ndogo. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2009. Kati ya miaka hiyo miwili liliundwa Baraza la Wafugaji, ambalo lilisomesha watoto na kuchangia miradi ya vijiji kwa fedha zitokanazo na utalii. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini baraza lilikuwa chombo cha ushauri. Nani alime, nani alishe na wapi: hayo yaliendelea kuamuliwa kwingine.

Mwaka 2022 familia za Ngorongoro zilianza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, mamia ya kilomita kutoka kreta. Serikali ilisema zinahama kwa hiari, kwa kuwa idadi ya watu na mifugo imezidi uwezo wa eneo hilo. Wengi waliobaki walipinga. Miongoni mwao walikuwamo watoto na wajukuu wa waliohamishwa Serengeti, na hoja waliyoirudia mara kwa mara ilikuwa ile ahadi ya mwaka 1959.