Macho Mekundu Mwaka wa Njaa: Makazi, Hofu na Mauaji ya Vikongwe Usukumani

Katika vijiji vinavyoizunguka Nyalikungu, makao makuu ya Wilaya ya Maswa, kuni ni tabu ya miaka mingi. Mapori yalifyekwa enzi za ukoloni kuwafukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakatanuka, mifugo ikaongezeka, na leo mama anayetaka kuivisha ugali huchochea mafiga kwa miti ya pamba iliyokauka au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Miti ya pamba huwaka na kwisha upesi, kwa hiyo mpishi hathubutu kuondoka. Hukaa ameinama, akisukuma kijiti baada ya kijiti. Kinyesi nacho huungua polepole na kujaza moshi kibanda kisicho na dirisha. Mtu akipika hivyo miaka 50, na trakoma isiyotibiwa ikaongezeka juu yake, macho yatakuwa mekundu. Na macho hayo ndiyo ambayo Usukumani yametajwa kwa muda mrefu kuwa alama ya mchawi.

Nimeanza jikoni kwa sababu mjadala wetu kuhusu mauaji ya vikongwe umezoea kuanzia kichwani. Tunaambiwa kiini ni ujinga na imani za kishirikina, na tiba yake ni elimu, yaani semina, mabango na hotuba ya mkuu wa wilaya. Sikatai kwamba imani ipo. Ila imani hiyo ipo Tanga, ipo Pemba, ipo Sumbawanga ambako utani kuhusu uchawi hauishi, na huko kote hakujawa na mauaji ya vikongwe kwa wingi ulioonekana katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambayo ndiyo iliyokatwa mwaka 2012 kupata Mkoa wa Simiyu, ilipo Maswa. Kama imani ni ileile na matendo ni tofauti, basi tofauti itafutwe penginepo. Hoja yangu ni kwamba chuki dhidi ya bibi kizee hutengenezwa na mazingira yanayomfanya aogopwe na, wakati huohuo, yanayomzuia yeye na anayemwogopa kuepukana.

Kuepukana ndiyo ilikuwa njia ya zamani. Kaya za Wasukuma zilijengwa mbalimbali, kila mji na zizi lake na mashamba yake. Jirani akishukiwa, mmoja angeweza kuhama, akaomba ardhi kwa mtemi (chifu) mwingine na maisha yakaendelea. Haikuwa amani kamili. Ralph Tanner, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Usukumani, aliandika kitabu kizima kuhusu mauaji ya washukiwa wa uchawi, na kinatosha kutuzuia kuupamba wakati wa watemi. Lakini mlango wa kutokea ulikuwepo. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe kijijini. Operesheni ya kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa ikapita Shinyanga na Mwanza mwaka 1974. Watu waliokuwa wamejitenga kwa makusudi wakajikuta wamepangwa kwenye mstari mmoja, mlango ukitazama mlango, na wasiruhusiwe kuondoka. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyelichunguza jambo hili kwa kina kuliko wengi, aliuhusisha msongamano huo na kuongezeka kwa tuhuma na mauaji.

Hapa mtu wa Nyalikungu anaweza kuuliza swali zuri. Mjini tumebanana kuliko kijiji chochote cha ujamaa. Vyumba vya kupanga vinagusana ukuta kwa ukuta, choo kimoja kinahudumia kaya nne. Mbona mauaji yamekuwa jambo la vijijini? Nadhani jibu liko kwenye kodi ya chumba. Mpangaji akimshuku mwenzake, mwisho wa mwezi hubeba godoro lake na kwenda mtaa wa pili. Riziki yake iko sokoni au ofisini; haikufungwa kwenye ekari zinazopakana na za yule anayemwogopa. Msongamano peke yake hauzai chuki ya kuua. Kinachoizaa ni msongamano usio na pa kutokea, na Mesaki, kwa maoni yangu, alipaswa kuutilia mkazo zaidi upande huo wa pili.

Hofu haikuishia kwa wanakijiji. Mauaji yalipozidi, mwaka 1976 dola iliendesha msako katika mikoa hiyo miwili, watu wengi wakakamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya usalama. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo hivyo ingawa hakuviamuru yeye. Tunakumbuka kujiuzulu kwake kama somo la uwajibikaji, na ni sawa, lakini tumesahau waliofia mahabusu. Polisi waliotumwa kuwalinda watuhumiwa wa uchawi walifanya walichokuwa wakifanya wanakijiji: walimchukua aliye karibu na aliye dhaifu, wakamtesa mpaka akiri. Miaka michache baadaye, sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walipoanza kuzima wizi wa ng'ombe kwa mafanikio ambayo polisi hawakuwa wameyapata, sehemu kadhaa waligeukia pia vikongwe. Ulinzi uleule ulioleta usalama ndio uliopeleka hodi za usiku kwa ajuza.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Meatu, wilaya inayopakana na Maswa. Mwanauchumi Edward Miguel alikusanya taarifa za vijiji 67 kwa miaka 11 na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005. Mwaka ambao mvua ilipungua mno, au ilinyesha hadi ikafurika, mauaji ya washukiwa wa uchawi yalikuwa kama mara mbili ya mwaka wa kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake, wengi wao wazee, na mara nyingi wauaji walitoka ndani ya ukoo. Yaani mvua haikuwafanya watu kuwa wakali kwa jumla. Iliwafanya wakali kwa mtu mmoja maalumu, yule anayekula asicholima.

Miguel anaelekea kwenye maelezo ya kiuchumi, kwamba ghala likikauka kaya hupunguza mdomo, na uchawi huwa kisingizio. Anaona nguvu ya maelezo hayo katika jambo moja, kwamba magonjwa ya mlipuko hayakuongeza mauaji kwa kiwango hicho, wakati ugonjwa ndio ungetarajiwa kuamsha tuhuma za kurogwa. Naikubali hesabu yake kuliko ninavyoikubali tafsiri. Kijana anayekwenda kupigiwa ramli mwaka wa ukame hafanyi hesabu ya debe za mtama. Anaogopa kweli, na mganga wa ramli chonganishi humpa hofu yake jina na mlango wa kugonga. Njaa huamua nani ataonekana mzigo. Hofu humfanya mtu amwone mzigo huyo kuwa adui. Bila hofu, bibi angenyimwa chakula na kusimangwa, jambo baya vya kutosha, lakini wakata mapanga wa kukodiwa wasingelipwa ng'ombe. Na Wasukuma si wa pekee katika hili. Emily Oster alionyesha mwaka 2004 kwamba Ulaya nayo, katika karne za baridi kali na mavuno haba, kesi za wachawi zilipanda baridi ilipozidi.

Wapo watakaosema hoja hii inawasamehe wauaji. Haiwasamehe, na takwimu za Meatu zenyewe zinasaidia kuonyesha kwa nini. Hata katika miaka mibaya kabisa vijiji vingi havikuua mtu. Ukame uliwafikia wote, moshi uliwafikia wote, mganga alikuwepo karibu kila mahali. Tatizo ni kwamba mtafiti huhesabu maiti; hana daftari la mlango ambao haukugongwa, wala la mjukuu aliyeamua kulala chumba kimoja na bibi yake mpaka maneno yapoe. Wema wa namna hiyo hauingii kwenye faili la polisi, kwa hiyo tumezoea kuuzungumzia kama tabia ya mtu binafsi, ilhali nao una mazingira yake.

Mfano wa mazingira hayo uko wazi kila mwaka baada ya mavuno. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma ambavyo asili yake husimuliwa kwa majina ya waganga wawili, Ngika na Gumha, hushindana kuvuta watazamaji. Kila upande unaamini mwenzake ana dawa, kila upande una yake, na maneno ya kejeli huimbwa waziwazi. Ni imani ileile ya kurogana, kati ya watu walewale, tena wenye uhasama wa vizazi. Lakini kuna uwanja, kuna msimu, kuna chakula ghalani, na anayeshindwa anajua kwamba mwakani atarudi. Mahasimu hao humaliza siku wakiwa wamechoka na wazima.

Nisidai kwamba mazingira ya njaa yanaeleza kila kitu cha Kanda ya Ziwa. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshtua nchi kuanzia kama mwaka 2007 yaliendeshwa zaidi na tamaa, kwa ahadi ya utajiri, na hapo waliohusishwa mara nyingi walikuwa watafuta bahati, wachimbaji wadogo na wavuvi wakiwamo, kuliko wakulima waliokosa mvua. Kwa vikongwe, hata hivyo, kuna jambo linaloweza kujaribiwa. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, tajiri kwa maskini. Bara hakuna mpango kama huo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) huangalia kaya maskini, si uzee wa mtu. Fedha hiyo ni ndogo, lakini mwaka wa ukame huko Maswa ingemgeuza bibi kuwa mtu pekee nyumbani mwenye pato lisilotegemea mvua, na kifo chake kingekuwa hasara kwa kaya nzima. Ningependa kuona wilaya za Simiyu zikipewa malipo hayo kwanza, pamoja na majiko yenye bomba la moshi, kisha mtu ahesabu tena kama Miguel alivyohesabu.