Chanda Chema Huvikwa Pete, Lakini Avishwe na Nani?

Kila mwaka siku hizi husikika habari za tuzo. Mwandishi wa mkoani huitwa jukwaani, akapigiwa makofi na kupewa cheti. Katika hafla nyingine hutunzwa maofisa habari wa wizara na halmashauri. Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Leo tujiulize: watu hawa wawili wapimwe kwa kipimo kimoja?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 wananchi walikusanyika vijijini kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu na kujadiliana. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Hawakuishia kwenye maneno, bali walichimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi yaliyozalisha mbu. Hiyo ilikuwa kazi ya Serikali, nayo ilistahili tuzo, kwani thamani yake ilionekana kwa macho.

Jirani zetu wa Kenya nao wana kisa chao. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo cha redio kilifunguliwa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, kikizungumza na wenyeji kwa lugha yao ya Kijaluo. Kilikuwa miongoni mwa redio za jamii za kwanza barani Afrika. Mwaka 1984 Serikali ilikifunga. Funzo lake ni kwamba sauti ya jamii inayotegemea ridhaa ya wakubwa huweza kuzimwa siku moja tu.

Hapa kwetu lipo jina ambalo halipaswi kusahauliwa. Daudi Mwangosi alikuwa mwandishi wa Channel Ten mkoani Iringa, na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa huo. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, aliuawa kwa bomu la machozi akiwa kazini, wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Mwaka 2013 Muungano wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania, UTPC, ulianzisha tuzo yenye jina la Mwangosi. Wa kwanza kuipata alikuwa mhariri Absalom Kibanda, aliyevamiwa na kujeruhiwa vibaya mwezi Machi mwaka huo huo. Tuzo hiyo ilitoka kwa wanahabari wenyewe kwenda kwa mwenzao. Mtoaji hakuwa na hofu ya kuandikwa vibaya, wala mpokeaji hakuwa na deni la fadhila.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, msikilizaji. Ofisa habari wa Serikali si adui. Anayewaeleza wananchi ukweli kuhusu maji, chanjo au bajeti ya halmashauri anafanya kazi njema, na mwajiri wake akimtunza ni haki. Lakini mwandishi wa jamii, ambaye mara nyingi hulipwa kwa habari moja moja na nauli hujitolea mfukoni, kazi yake ni kumuuliza ofisa huyo huyo maswali. Akitunzwa na yule anayepaswa kumuuliza, kesho atauliza kwa sauti gani?

Kwa hiyo tuzo ziwepo, tena ziwe nyingi. Msemaji wa Serikali apimwe kwa ukweli aliowafikishia wananchi, na mwandishi apimwe kwa swali alilothubutu kuuliza. Pete ni pambo, lakini ikibana sana chanda hufa ganzi.